Nyimbo ipo Spotify ila hela haionekani: mwongozo kamili kutoka studio mpaka hela iingie kwenye simu

Kila wiki lazima nipate voisi noti ya aina moja. Kijana katoa nyimbo, ipo Spotify, ipo Boomplay, ipo Apple Music, mshkaji wake wa Mombasa kamtumia mpaka skrinishoti, miezi nane imepita na hajaona hata mia. Anauliza, "Kaka, hivi hawa jamaa wanalipa kweli?"

Wanalipa. Ila nikikaa naye tukafungua akaunti yake, mara nyingi tunakuta hela haijapotelea Spotify, imepotelea njiani. Jina limeandikwa vibaya, au nyimbo iliwekwa na prodyuza kwa akaunti yake yeye, au fomu ya kodi haijajazwa, au hela ipo kabisa imekaa dola 11 inasubiri ifike 50 ndio iruhusiwe kutoka.

Kwahiyo hapa tunaipita njia yote, kwa msanii asiye na lebo anayejisimamia mwenyewe. Fuata mpangilio, usiruke, manake ukikosea hatua ya kwanza hiyo ya tisa haikuokoi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

- Faili la masta la WAV, 16 bit na 44.1 kHz kwenda juu. Ile MP3 uliyotumiwa WhatsApp sio masta, hata kama prodyuza kaandika "FINAL FINAL 2".
- Kava ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, JPG. Isiwe na namba ya simu ya menejimenti, jina la Instagram wala nembo ya duka lolote. Hivyo ndio vinavyofanya kava nyingi za Bongo zirudishwe.
- Majina kamili ya kwenye kitambulisho ya kila mtu aliyeandika mashairi au kutunga melodi. "Dogo Fundi" sio jina la kitambulisho.
- Barua pepe yako wewe, sio ya meneja, sio ya shemeji, na nywila unaijua.
- NIDA au pasipoti (au kitambulisho cha nchi yako), TIN, na akaunti ya benki kwa jina hilohilo.
- Hela kidogo ya msambazaji (kampuni inayokupelekea nyimbo Spotify na kwingine), na wiki nne za kutulia.
- Faili moja la Excel au daftari. Tutalihitaji mara mbili.

## Hatua ya 1: Mgao uandikwe kabla ya kutoka studio

Kila nyimbo ina haki mbili ndani yake na watu wengi wanazichanganya. Kuna masta, yani ile rekodi yenyewe unayoisikia. Na kuna utunzi, yani mashairi na melodi. Hela za masta zinapita njia yake na za utunzi zinapita njia nyingine kabisa, kwahiyo mgao unaandikwa mara mbili.

Huhitaji mwanasheria kwa nyimbo ya kwanza. Fungua grupu la WhatsApp la watu waliohusika tu, tuma kitu kama hiki:

> Nyimbo: Gari la Mwisho. MASTA: mimi 60, prodyuza 40. UTUNZI: mimi 50, prodyuza 30 (biti na melodi ya kiitikio), Mwana 20 (vesi ya pili). Studio 150,000 nimelipa mimi, inarudi kwanza kabla ya kugawana. Atakayeiweka mtandaoni ni mimi peke yangu. Ukikubali andika NIMEKUBALI na jina lako kamili.

Kwanini ufanye sasa hivi na sio baadae? Sababu leo hamna hela, na watu ambao hawana hela ya kugombania wanakubaliana ndani ya dakika tano. Subiri nyimbo ifike strimu laki mbili uone aliyekuletea maji studio naye anadai kiitikio alikitoa yeye.

Angalizo: huo mstari wa "atakayeiweka mtandaoni ni mimi peke yangu" usiufute. Nyimbo ikiwekwa mara mbili na watu wawili, strimu zinagawanyika, wasambazaji wawili wanaanza kugombea haki moja, na hela ya YouTube inazuiwa mpaka mmalizane.

Utajua umefanikiwa: kila mtu kajibu NIMEKUBALI, umepiga skrinishoti na umejitumia kwenye barua pepe yako. Simu zinaibiwa.

## Hatua ya 2: Hakikisha biti ni ya kwako kweli

Kama biti imetengenezwa mbele yako na prodyuza wa mtaani kwenu, hatua ya 1 imeshamaliza kazi, pita.

Kama umeichukua YouTube, simama hapa. Biti iliyoandikwa ni ya bure kwa kawaida ni ya bure kwa mazoezi tu, ukianza kuingiza hela sio bure tena. Na ile ya kukodi kwa dola 20 au 30 ina karatasi yake, isome, manake nyingi zina kikomo cha strimu. Zaidi ya hapo biti ileile wamekodishwa watu wengine mia, kwahiyo usije ukaiingiza kwenye Content ID ya YouTube (nitaieleza hatua ya 7), utakuwa unadai hela za wenzako na wao wanadai zako, na msambazaji atakufungia wewe.

## Hatua ya 3: Chagua msambazaji kwa hesabu

Huwezi kupeleka nyimbo Spotify au Apple Music mwenyewe moja kwa moja, lazima upitie msambazaji. Wapo wa aina tatu na tofauti yao ni namna wanavyokula:

Wa kwanza wanataka ada ya mwaka, alafu mapato yote ya masta ni yako. DistroKid na TuneCore wako hapa. Wa pili wanataka ada mara moja kwa kila toleo na wanakata asilimia kidogo, CD Baby ndio wanajulikana kwa hilo, wanakata 9. Wa tatu hawataki hela ya mbele ila wanakata asilimia kwenye kila kinachoingia, mfano RouteNote kwenye mpango wao wa bure wanabaki na 15 wewe 85.

Sasa piga hesabu. Tuchukulie ada ya mwaka ni dola 25, na upande wa pili kuna anayekata asilimia 15. Asilimia 15 ya dola 167 ndio dola 25. Maana yake kama kwa mwaka mzima muziki wako hautaingiza dola 167, huyo wa "bure" ni nafuu kwako, na ukivuka hapo wa ada ndio nafuu. Wasanii wengi wanaoanza hawafiki 167, huo ndio ukweli, lakini wanakimbilia wa ada kwa sababu rapa wanayempenda anamtumia huyo.

Angalizo kubwa: kwa wengi wa ada ya mwaka, ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kutolewa sokoni, labda ulipie huduma ya ziada ya kuziacha zibaki. Nimeona mtu anaomba nyimbo yake ya 2021 ichezwe kwenye harusi ya dada yake, ikatafutwa haipo popote, kumbe kadi iliisha hela mwezi wa tatu.

Kitu cha mwisho, kabla hujajiunga angalia ukurasa wao wa malipo: wanalipa kwa njia gani, na kiwango cha chini cha kutoa ni shilingi ngapi. Hapo ndio pa kuamulia.

## Hatua ya 4: Jaza taarifa kama unajaza fomu ya pasipoti

Hapa ndipo hela nyingi zinapolala. Mashine zinazogawa hela hazisikilizi nyimbo, zinasoma ulichoandika.

Niseme langu. Nyimbo ya kwanza niliyomsaidia mtu kuiweka ilikuwa singeli, spidi ile ya kuvunja spika. Msanii jina lake lilikuwa linafanana na la mwimbaji wa injili, mimi kwa haraka nikabonyeza ukurasa wa kwanza uliotokea. Ijumaa asubuhi wapenzi wa injili wanafungua simu wanakutana na singeli kwenye ukurasa wa mama wa watu! Ilichukua wiki tatu kuihamisha, na zile siku za mwanzo ambazo nyimbo ndio ina moto zikapita hivyo.

Kwahiyo:

Jina la msanii liwe herufi kwa herufi lilelile siku zote. Ukitoa ya kwanza "Mc Fulani" na ya pili "MC Fulani Tz" umejigawa watu wawili. Kama una ukurasa tayari, weka linki ya ukurasa wako pale msambazaji anapouliza. Kama jina lako lina mwenyewe tayari, badilisha sasa hivi kabla hujawa na mashabiki, inauma ila itauma zaidi baadae.

Kolabo zinawekwa kwenye sehemu ya wasanii. Usiandike jina la mwenzako ndani ya jina la nyimbo kwa mkono, manake ukurasa wake hautaipata na mashabiki wake hawataletewa.

Watunzi ni majina ya kitambulisho, yaleyale ya hatua ya 1.

Lugha ni Kiswahili. Kuna watu wanaweka Kiingereza wakidhani ndio watasikilizwa Marekani. Hapana, unaichanganya tu mashine inayotafuta nani ampelekee.

ISRC ni namba ya herufi na tarakimu 12, ndio NIDA ya rekodi yako. Msambazaji anakupa bure. Ikitoka tu, iandike kwenye lile faili la Excel pamoja na UPC, ambayo ni namba ya toleo zima. Siku ukihama msambazaji utaitumia ISRC hiyohiyo, na sauti ileile, ili hesabu ya strimu zako isianze sifuri. Na wakati wa kuhama, weka kwanza kwa mpya, hakikisha imeonekana, ndio ufute kwa wa zamani.

Utajua umefanikiwa: ukisearch jina lako unapata ukurasa mmoja tu, wenye nyimbo zako tu.

## Hatua ya 5: Njia ya hela iwe wazi kabla nyimbo haijatoka

Hatua fupi, ila ndiyo inayorukwa na wote.

PayPal kwa Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, kupokea hapana, tofauti na Kenya ambako mtu anapokea na kutolea M-Pesa. Wengi wa huku tunatumia Payoneer (huduma ya kupokea hela za nje) au benki moja kwa moja. Payoneer soma makato yao, kuna ada ya mwaka ya karibu dola 30 kwa akaunti ambayo hela inayopita ni ndogo, na kwa msanii anayeingiza dola 60 kwa mwaka hiyo ni nusu ya mshahara. Ushauri wangu: usiifungue mpaka uone hela imekaribia kiwango cha kutoa.

Kisha fomu ya kodi. Wasambazaji wengi ni wa Marekani au wanafuata sheria zao, watakuomba ujaze W-8BEN. Ni fomu ya kusema wewe sio Mmarekani. Jaza jina la kitambulisho, anuani, TIN yako ya nchini. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwahiyo asilimia 30 ya hela inayotokana na wasikilizaji wa Marekani itakatwa, huna ujanja. Lakini ni hiyo ya Marekani tu. Ukiacha kujaza, wengine wanakuzuia kutoa kabisa, na YouTube wao wanaweza kukukata mpaka kwenye hela za dunia nzima.

Angalizo: jina la W-8BEN, la benki na la NIDA yawe sawa. "Juma H. Juma" na "Juma Hamisi Juma" kwa mashine ni watu wawili.

## Hatua ya 6: Weka tarehe wiki nne mbele

Najua. Nyimbo imetoka studio saa nane usiku, inawasha, unataka itoke kesho. Usifanye hivyo.

Ukiiweka wiki nne mbele unapata muda wa kuingia kwenye dashibodi ya wasanii inayoitwa Spotify for Artists, unadai ukurasa wako, na unaweza kuwapelekea wahariri wa pleilisti nyimbo ambayo bado haijatoka. Ikishatoka mlango huo umefungwa. Lazima iwe imefika angalau siku 7 kabla ya kutoka, na ukiwahi hizo siku 7, hata wahariri wakikukataa, nyimbo inaingia kwenye Release Radar za wanaokufuata, yani pleilisti ya nyimbo mpya ambayo Spotify anamtengenezea kila msikilizaji. Hiyo ni bure kabisa. Unapeleka nyimbo moja kwa wakati mmoja, kwahiyo kama una EP, yani toleo la nyimbo chache, chagua iliyo kali.

Kwenye maelezo usiandike "hii ni hit wadau". Andika nyimbo inahusu nini, ni mtindo gani, vyombo gani vimepigwa, na utaisukumaje: una shoo wapi, redio gani, klipu ya TikTok inatoka lini.

Boomplay, Audiomack na Mdundo nao wana kurasa za wasanii, zidai zote. Audiomack na Mdundo unaweza kupakia mwenyewe bila msambazaji, lakini kama umeshaiweka kwa msambazaji angalia asiwe ameipeleka huko pia, tusirudi kwenye nyimbo kutokea mara mbili.

Kuna kitu kimoja cha studio kinachohusiana na hela pia. Spotify wanahesabu strimu ikifika sekunde 30. Sasa intro ya prodyuza kujitaja, na meneja kutajwa, na mtaa, na "eeh eeh wanangu wa Mbagala", sekunde 40 zimeisha hujaimba, mtu kasharuka na hujapata kitu. Ukiingia na sauti yako ndani ya sekunde 10 umejiongezea hela bila kutangaza.

## Hatua ya 7: YouTube ina milango mitatu, usifungue mmoja tu

Mlango wa kwanza ni chaneli yako. Ili ilipwe matangazo inataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, au badala ya masaa hayo, Shorts zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwenye video za kawaida unabaki na asilimia 55 ya hela ya matangazo. Na AdSense, ile huduma ya Google inayolipa hela za YouTube, hawakutumii kitu mpaka ufike dola 100.

Mlango wa pili ni ule mzigo unaopelekwa na msambazaji, ile video yenye kava tu. Huo hauhitaji wafuasi hata mmoja, hela inapitia kwa msambazaji.

Mlango wa tatu ni Content ID, na huu ndio watu wa Bongo tunauacha umefungwa. Nyimbo ikipigwa kwenye video ya harusi ya mtu Arusha, kwenye video ya wacheza singeli, kwenye chaneli ya mtu aliyeipakia tu bila kukuuliza, mashine inaitambua na hela ya matangazo inakuja kwako. Unaiwasha kwa msambazaji, baadhi wanakata kama asilimia 20 ya inayopatikana huko, na wengine wana kaada kadogo ka mwaka. Kwa muziki wa huku ambao watu wanapakia ovyo, ni hela ambayo huwezi kuifuata mwenyewe.

Angalizo: ukiiwasha itaidai hata video ya kwenye chaneli yako wewe. Usipaniki, mwambie msambazaji aitoe chaneli yako kwenye madai. Na tena, biti ya kukodi au lupu za kununua ambazo kila mtu anazo, Content ID hapana.

## Hatua ya 8: Fungu la utunzi, hela ambayo msambazaji haiokoti

Rudi hatua ya 1. Msambazaji anakukusanyia masta. Ya utunzi inakaa sehemu nyingine inasubiri mwenyewe ajitokeze, na asipojitokeza inakaa, mwisho wake inagawiwa kwa wengine.

Sio hela ya kudharau. Marekani fungu la utunzi kwenye huduma za strimu limewekwa kisheria kuwa asilimia 15.1 ya mapato kwa 2023, linapanda kidogo kidogo mpaka 15.35 ifikapo 2027. Na Februari 2021, taasisi mpya ya kugawa hizo hela kule, inaitwa The MLC, ilikabidhiwa na makampuni ya strimu dola milioni 424 ambazo wenyewe walikuwa hawajulikani. Sababu kubwa mojawapo ya wenyewe kutojulikana ni taarifa za watunzi kujazwa hovyo, ndio ile hatua ya 4.

Cha kufanya ni hiki. Sajili kazi yako nyumbani kwanza: ofisi ya hakimiliki kwa Tanzania bara ni COSOTA, Zanzibar COSOZA. Ukusanyaji wa muziki Tanzania bara sasa una chama chake, TAMRISO, jiunge. Kenya ulizia KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko, chama gani kina leseni mwaka huo, manake leseni zinatolewa kwa mwaka na mambo hubadilika.

Alafu kwa ya Marekani, kama hakuna chama wala kampuni inayokusimamia haki hiyo tayari, unaweza kujisajili MLC mwenyewe ukiwa Temeke, ni bure. Ukiona kazi nyingi, zipo kampuni za usimamizi wa utunzi zinazozunguka nchi nyingi kwa niaba yako na kukata asilimia. Kwa mtu mwenye nyimbo mbili tatu bado sio lazima.

Utajua umefanikiwa: ukitafuta jina la nyimbo kwenye kitafutio cha MLC, linatokea na jina lako kamili na asilimia zinazotimia 100.

## Hatua ya 9: Soma ripoti, usisome namba kubwa tu

Sasa nyimbo imetoka. Tulia miezi miwili mpaka mitatu. Strimu za Januari zinaonekana kama hela Machi au Aprili, ni kawaida, hujaibiwa.

Kwanza uelewe hesabu yenyewe. Hakuna bei ya strimu moja. Spotify wanachukua karibu theluthi mbili ya mapato yao, wanaweka kwenye chungu kimoja cha wenye haki, wanagawa kwa uwiano wa strimu. Tuseme kwenye nchi moja chungu cha mwezi ni shilingi milioni 100 na strimu zote za mwezi huo ni milioni 50. Nyimbo yako imepigwa mara 10,000. Umepata 20,000, yani shilingi 2 kwa strimu. Mwezi ujao chungu kilekile ila watu wamesikiliza sana, strimu zote milioni 80, wewe umepigwa 10,000 zilezile. Sasa unapata 12,500. Hujafanya kosa lolote, chungu ndio kilivyo.

Ndio maana wastani unaotajwa duniani, dola 0.003 mpaka 0.005, usiutumie kujipangia kununua gari. Mtu wa Marekani analipa zaidi ya dola 10 kwa mwezi, wa Tanzania analipa chini ya nusu ya hiyo, na wengi wetu tuko kwenye ya bure yenye matangazo. Ripoti yako itakuwa na umbo kama hili (namba nimeziweka za mfano):

> Spotify, TZ: strimu 6,200, dola 7.44
> Spotify, US: strimu 410, dola 1.52
> Apple Music, OM: strimu 95, dola 0.57

Ichukue kikokotoo ugawanye. Bongo imetoa 0.0012 kwa strimu, Marekani 0.0037, Oman kwenye Apple 0.006. Apple Music hawana kifurushi cha bure, ndio maana, na wenyewe walishasema 2021 kwamba wastani wao ni kama senti moja ya dola. Kwahiyo zile strimu 95 za Oman zina thamani ya strimu karibu 500 za hapa nyumbani kwa macho ya chungu.

Hiyo inabadilisha unavyosambaza linki. Usitume linki moja kwa wote. Shangazi aliye Muscat, kaka aliye Dubai, ile jumuiya ya Watanzania Minneapolis, wanafunzi wa Ujerumani, hao watumie za Apple na Spotify na uwaombe kwa jina. Wa nyumbani wape Boomplay na YouTube wanakokaa tayari.

Kingine cha kuangalia ni kile kizingiti: tangu 2024 nyimbo ya Spotify isiyofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita hailipwi kitu. Ndio maana kutoa nyimbo 20 za haraka haraka zenye strimu 300 kila moja ni sifuri mara ishirini. Nne zilizosukumwa vizuri zinalipa.

Na hapa ndipo mtu anapokuja na ofa: strimu elfu hamsini kwa dola 30. Usinunue boti, yani programu za kompyuta zinazojifanya wasikilizaji. Spotify wanazifuta hizo strimu, na nyimbo ikikutwa imejaa boti wanamtoza msambazaji euro 10 kwa kila nyimbo kwa mwezi, na msambazaji anakukata wewe hiyo hela au anakufuta kabisa pamoja na hela iliyokuwemo. Wakati mwingine hata hujanunua wewe, umelipia "pleilisti promo" ya mtu Instagram na yeye ndio kaweka boti. Ukiona kwenye dashibodi ghafla watu 4,000 wote wa mji mmoja wa nchi ambayo hujawahi kufika na hakuna hata mmoja aliyekufuata, mwandikie msambazaji siku hiyohiyo kabla wao hawajakuandikia.

Hesabu ya mwisho kabla hujaamua kushuti video. Tuseme umefika strimu 100,000 mchanganyiko, wastani dola 0.002. Ni dola 200. Kwa dola moja shilingi 2,500 ni laki tano. Msambazaji kakata 15, imebaki 425,000. Video ya kawaida mtaani kwetu wanakuambia laki nane. Mimi ningeweka video ya mashairi yanayopita, ningebaki na hela ya nyimbo ya pili.

## Hatua ya 10: Toa, gawa, tuma siku hiyohiyo

Usitoe kila ikifika kiwango cha chini, manake kuna makato ya kutuma hela ambayo mara nyingi ni kiasi kilekile utoe kidogo au kingi. Subiri ijae kidogo, toa mara moja kwa miezi mitatu au minne.

Hela ikiingia, fungua ule ujumbe wa hatua ya 1. Tuseme kwenye masta ya Gari la Mwisho imeingia 212,000 baada ya makato yote. Studio 150,000 inarudi kwako kwanza. Zimebaki 62,000. Asilimia 60 yako ni 37,200, prodyuza 24,800.

Mtumie prodyuza hiyo 24,800 kwa simu, na kwenye grupu weka skrinishoti ya ripoti, ya muamala, na mstari mmoja wa hesabu. Mwana, yule wa vesi ya pili, yeye yuko kwenye utunzi tu, kwahiyo hapa hana kitu, mwambie waziwazi: "Mwana yako ipo upande wa utunzi, nimeshasajili, ikitoka unapata 20 yako." Usipomwambia ataona wenzake wamelipwa akajua kadhulumiwa, na kolabo ijayo hutampata.

Kisha andika kwenye Excel tarehe, kiasi, nani kapewa ngapi, na namba ya muamala.